Pombe ya posa iliyoishia kizuizini

Mi niko na miaka sabini na nane. Nimezika vita, baiskeli tatu, na meno karibu yote.

Leo hapa Gitega kijana mmoja alikuja kufundisha watu kufuata ndoto zao. Akaniuliza mbele ya wote: «Na we mzee, iko ndoto imebaki?»

Vijana wakacheka. Nikasimama!

Nikawaambia: wakati wa vita nilipeleka pombe ya posa Muyinga, kwao msichana niliyemtaka, Mediatrisi. Kwetu, familia zisipokunywa pamoja, hakuna uchumba. Njiani kwenye kizuizi wenye bunduki wakainywa yote, wakanirudisha. Yeye akaolewa na mwingine. Leo ni mjane, na mi mke wangu alishatangulia.

«Basi mpigie sasa hivi!» kijana akasema.

Eh! Mi mwenye mdomo kushinda redio, nikabaki napapasa mifuko kutafuta simu.

Nikapiga. Nikauliza kama bado naweza kuleta ile pombe.

Mediatrisi akanijibu: «Leta, we mkaidi. Lakini safari hii usiwanyweshe watu wa njiani.»

Jumamosi naenda. Nani ananisindikiza?

Anayebisha amuulize Leonidasi kinyozi. Ndiye alinishikia simu, na alisikia kila neno.