Bi Mdogo wa Mafuta ya Taa

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wangu mimi alikuja juu ya mkokoteni, amefungwa kamba, mweupe pe, na tangu siku ile mwenyeji sikupona.

Lilikuwa friji la mafuta ya taa. Mume wangu alikuwa karani wa Mzungu mmoja bandarini, na Mzungu huyo aliporudi kwao akamwachia. Mtaa wetu wa Kinondoni haukuwa na umeme, wala friji lingine. Chini yake kulikuwa na tangi dogo la mafuta na utambi. Unawasha moto chini, juu kunakuwa baridi. Mpaka leo sijaelewa, na sitaki kuelewa.

Kazi ilikuwa ule moto. Ukizidi unatoa moshi na baridi inakimbia. Ukipungua maziwa yanachacha. Ulitakiwa uwe mdogo, wa buluu, umetulia. Basi kila alfajiri, akishaswali, mume wangu aliupigia magoti, akakata utambi kwa mkasi wangu wa kushonea, akauchungulia shavu likiwa sakafuni. Juu ya friji aliweka kisahani cha maji aone kama limesimama sawa. Maji yakiegemea upande, anachomeka kibanzi chini ya mguu. Kitanda changu kilikuwa kinayumba tangu harusi, na hakuna aliyekiwekea kibanzi.

Ndani alitundika kipimajoto, kijiti cha kioo chenye uzi mwekundu. Akirudi kazini, kabla hajavua viatu, ananiuliza, "Joto lipoje?" Si hujambo, si umeshindaje. Na mlango nisiufungue ovyo, baridi isipotee. Shoga yangu wa nyumba ya pili alikuwa akipita uani ananichokoza, "Mke mwenzio kaamkaje?" Nacheka naye, moyoni nawaka. Nilikuwa na wivu, nasema wazi. Mke mwenza wa nyama na damu ningemsuta barazani watu wakasikia. Sanduku ningelisuta vipi? Siku moja nilipika samaki kwa nazi nzito, nikajifukiza udi, nikavaa kanga mpya. Akala, akasifu maji ya baridi.

Masika yakaja, na homa ikanishika. Nililala tangu asubuhi, meno yanagongana, mwili unawaka. Jioni nikasikia baiskeli, kisha sauti yake mlangoni.

"Joto lipoje?"

"Limepanda," nikasema. "Limepanda sana, bwana."

Akanipita mbio pale kitandani. Nikamsikia anapiga magoti, anafungua mlango, anafunga. Machozi yakanitoka. Nikifa leo, nilijisemea, huyu atanizika akishakata utambi.

"Mbona liko sawa?" akauliza kutoka kule.

"Langu mie," nikasema.

Akaja, akanigusa paji la uso, akautoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria. Akarudi kwenye friji, nikajua ameniacha tena. Kumbe alikwenda kuchomoa kile kipimajoto. Akanitia kwapani, nikapiga kelele kwa ubaridi wake. Kilikuwa cha friji, hakikutengenezwa kwa binadamu. Ule uzi mwekundu ukapanda, ukapita alama zote, ukagota juu. Akakitazama. Akaenda akakomba barafu yote, akaifunga kwenye kanga, akaniwekea kichwani.

Kutoka kitandani nililiona friji.

"Mlango uko wazi," nikamwambia.

"Uache."

"Baridi inapotea."

"Uache, mke wangu. Ipotee."

Sijapata kuambiwa neno tamu kama lile, hata siku ya harusi. Maziwa yalichacha, samaki akaharibika, naye hakuinuka. Alinishika mkono mpaka nikapitiwa na usingizi.

Asubuhi nilipofumbua macho, upande wake wa kitanda ulikuwa mtupu. Alikuwa kule kwake, magoti chini, shavu sakafuni, mkasi wangu mkononi.

"Joto lipoje?" akaniuliza, macho yake kwenye moto.

Nikajigusa paji la uso. Lilikuwa limepoa kama maji ya mtungini.

"Limepanda," nikasema.