Vitabu vya Bongo vya Mwalimu Kabeya

Enzi zetu pale Panda, mjini Likasi, kitabu hakikusomwa hivi hivi tu; kilishitakiwa. Nyinyi mliokulia kwenye kambi ya wafanyakazi mnanielewa, na mliokulia kwingine vumilieni, nitaeleza. Tena nitaandika kwa Kiswahili bora, kile cha redioni, ili vijana wa leo wasije wakanicheka. Wanapenda sana kucheka, watoto hawa, ila siku hizi meno wanaionyesha simu, binadamu mwenzao wanampa kisogo.

Nakumbuka asubuhi za Jumapili. King'ora cha kiwanda kimenyamaza, upepo ukigeuka unaleta ile harufu ya asidi iliyokereketa koo na kukausha mchicha wa mama, na sisi watoto tunatoka kanisani mbio, viatu mkononi ili visiishe. Viatu vilikuwa vya Yesu, havikuwa vya barabara. Wasichana tulicheza nzango, tunaruka, tunapiga makofi, tunarusha mguu mbele mpaka vumbi jekundu linapanda magotini. Wavulana walitengeneza malori kwa nyaya walizookota nyuma ya karakana, malori yenye usukani na milango ya kufunguka. Leo mwambie kijana atengeneze gari la waya. Atakuuliza linachajiwa wapi.

Lakini ikifika saa nne mchezo uliisha, maana kwa Mwalimu Kabeya kesi ilikuwa inaanza.

Mwalimu Kabeya alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka bomba la maji. Alifundisha historia, na chumba kizima cha nyumba yake alikuwa amevipa vitabu. Mke wake alikuwa akisema kwamba wake halisi ni wale walio mle chumbani, yeye ameletwa awe mpishi wao. Vingi vilikuwa vitabu vya Kifaransa vilivyotuhusu sisi: migodi, reli, bwawa la umeme la Koni, makambi. Waandishi walikuwa mabwana waliopita hapa wiki mbili na miwani ya jua, na baadaye wakubwa wetu wenyewe, ambao hata miwani hawakuivua.

Kila Jumapili Mwalimu alichukua kitabu kimoja, akakileta barazani, akawaita wazee waliokuwapo mambo hayo yalipotendeka: wachimbaji, mafundi wa tanuru, wajenzi wa reli. Alisoma ukurasa kwa Kifaransa, akaugeuza katika Kiswahili chetu, kisha akainua macho akauliza, "Sasa, bazee, munasema nini?"

Wazee walikunywa munkoyo kwanza, pombe ile ya mahindi isiyolewesha mtu mwenye adabu. Halafu hukumu ikatoka, na hukumu zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ni bongo. Kwetu Katanga bongo ni uongo. Msifikirie ubongo wa kichwani. Ya pili ni njo ile, maana kwetu njo ni "ndiyo", ni "ndiye": ndivyo ilivyokuwa, hakuna ubishi. Mwalimu aliiandika hukumu pembeni mwa ukurasa kwa penseli, pamoja na jina la shahidi na maneno yake. Kitabu kimoja kilisema wafanyakazi wa kambi walilishwa nyama mpaka wakaichoka. Pembeni yake: "Bongo! Papa Mutombo: nyama tulikulaka na pua." Kingine kilisema samaki wa ziwa la Tshangalele walikuwa wakubwa kama mkono wa mtoto. Pembeni: "Njo ile. Lakini mutoto mwenyewe alikuwa na njala."

Kazi yangu mimi ilikuwa kuchonga penseli kwa wembe wa baba. Nilikaa kwenye ngazi, maganda yakianguka mapajani, harufu yake tamu bado ninayo puani. Kusema haikuwa kazi yangu. Mama alikuwa amenionya kabisa: "Ntumba, mutoto anasikiyaka na masikio, haina na kinywa." Nilikuwa na mdomo mrefu tangu tumboni, na mama alijua utanifikisha pabaya.

Baba yangu, Papa Mukendi, alikuja kila Jumapili na hakusema neno. Alikuwa ameletwa kutoka Kasai akiwa kijana, kwa treni, kufanya kazi ya mgodi. Kuhusu Kasai, kuhusu safari ile, kuhusu mama yake aliyebaki, sisi watoto wake tisa hatukusikia chochote. Ukimwuliza anakohoa. Ukimwuliza tena anakutuma maji.

Basi Jumapili moja, nikiwa na miaka kama kumi, Mwalimu alisoma kitabu chenye jalada la kijani kilichoeleza jinsi vijana wa Kasai walivyopanda treni kwa furaha, wakiimba, wakiitamani kazi. Akauliza, "Munasema nini?" Wazee wote wakanywa. Wakanywa tena. Ndipo baba yangu akasema, bila kukohoa, "Ile ni bongo. Tulilia mpaka ku Kamina."

Mwalimu alikuwa na maumivu ya vidole siku ile, akanisukumia kitabu: "Andika weye, iko papa yako." Nikaandika kwa herufi zangu kubwa za darasa la nne, ulimi nje. Bongo. Papa Mukendi anasema: tulilia mupaka ku Kamina. Baba, ambaye hakujua kusoma, akaja akainama juu ya bega langu. Akaweka kidole chake chenye kucha iliyopasuka juu ya maandishi.

"Njo minye, hapa?" akauliza.

"Njo weye, Papa."

Akarudi kukaa. Hakulizungumzia tena mpaka tukamzika. Maneno yale manne ndiyo habari yote ya safari ya baba yangu hapa duniani.

Sasa njooni kwenye siku hizi, mjionee maajabu.

Mwalimu alishakufa zamani. Vitabu alivitunza binti yake, Mama Kapinga, mwenzangu wa nzango. Alipambana na mchwa na paa linalovuja miaka yote hiyo bila kusifiwa na mtu. Mwaka huu miguu imemkataa, anahamia Lubumbashi kwa mwanawe, na nyumba inapewa watu wengine. Parokia ikasema itahifadhi maktaba ya Mwalimu, asante sana, ila nafasi iliyopo ni ya kabati moja. Kabati moja la chuma! Vitabu vyenyewe vingejaza makabati mawili. Ikabidi kuchagua, na wa kuchagua akaletwa Davi.

Davi ni mjukuu wa Mwalimu, aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, ambako baba yake alifuata malori akanasa kwa mwanamke. Kijana ana diploma ya mambo ya maktaba. Alifika na begi lenye magurudumu, na magurudumu yaliona cha moto kwenye barabara zetu. Akatuinamia: "Shikamoo." Sisi tukatazamana. Mama Kapinga, mwenye adabu kuliko wote, akajibu, "Merci."

Kwa siku mbili kijana alipiga picha majalada, akajipiga na yeye mwenyewe akiwa ameshika kitabu kidevuni kama anayewaza. Sikumwona akifungua hata kimoja zaidi ya dakika. Siku ya tatu akatuita sebuleni kutueleza matokeo.

"Babu alikuwa na mfumo wake," akasema. "Vitabu alivyovikubali aliviandikia 'bongo'. Bongo, yaani akili, ubongo. Vingine vina bongo kila ukurasa! Hivyo ndivyo vya kabatini. Halafu kuna hivi vya 'njo'. Hapa babu alikosea tahajia, alitaka kuandika 'njoo'. Anaita watu, waje wachukue. Kwa hiyo hivi tunagawa."

Nikangoja watu waanguke kwa kicheko. Hakuna aliyeanguka! Watu wazima, waliozaliwa Likasi, walioambiwa "usiseme bongo" kabla hawajaota meno, wametikisa kichwa: eeeh, kumbe. Nikamkanyaga Mama Kapinga mguu. Akaninong'oneza, "Acha, ndugu yangu. Yeye anajua Swahili bora. Siye tunaongeaka hivi hivi tu."

Hivi hivi tu! Ndiyo ugonjwa wetu huo. Mtu akija na lafudhi ya mbali, tuko tayari kumwachia hata majina yetu atufafanulie. Nikasimama. Mdomo wangu, mnaujua. Nikachukua kitabu cha juu, nikasoma pale pa nyama iliyoliwa na pua, nikamwuliza Davi hiyo ni akili ya wapi. Nikamweleza bongo ni nini na njo ni nini, nikamwigiza na kidevu chake, nikamwuliza kama kule Dar wanachagua vitabu kwa kutazama nje, kama maembe. Ndipo wakacheka sasa, tena waliotikisa kichwa ndio waliocheka kwa nguvu zaidi. Kijana akawa mdogo kwenye kiti chake. Akasema, "Samahani, mama. Nitarekebisha."

Nilikwenda nyumbani nikitembea kama bibi harusi. Nikapika bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikala vizuri, nikamsimulia kila aliyepita mlangoni. Maktaba ya Mwalimu Kabeya nimeiokoa, mimi, mchonga penseli!

Nilirudi baada ya siku mbili. Kabati la chuma lilikuwa limeshajaa, safi, kila kitabu na namba yake. Nikafungua kimoja: njo ile. Kingine: njo ile. Kingine: njo ile.

"Davi, mwanangu, na vya bongo?"

Akanitazama kwa heshima zote, kama mwanafunzi aliyefanya kazi ya nyumbani. "Si ulisema ni uongo, mama? Nikabadilisha orodha, vya kuhifadhi vikawa vya kutoa, vya kutoa vikawa vya kuhifadhi. Tuhifadhi uongo wa nini?"

Nilitaka kumtukana nikakosa pa kuanzia, maana kila neno lilikuwa langu. Nilikuwa nimemweleza bongo ni nini. Sikuwa nimemweleza kwamba ukweli wetu uliandikwa hasa kwenye vitabu vya uongo, pale pembeni, palipoachwa wazi na mabwana. Kwenye kitabu cha njo mara nyingi wazee walikubali wakanyamaza. Kwenye cha bongo ndiko walikosema. Na cha baba sikukitaja kabisa. Nilikuwa na kazi ya kuchekesha watu.

"Vimekwenda wapi?"

"Alikuja mama mmoja na mkokoteni," akasema Mama Kapinga. "Mama Anto wa karanga. Weye ulisema ni ya bongo, Ntumba."

Niliondoka na kandambili zangu. Mama Anto anauza karanga za kukaanga sokoni, anazifunga kwa karatasi iliyoviringwa. Nilimkuta amekaa, majalada yamelazwa chini anayakalia. Nikamwambia, mama, bile bitabu, tafadhali. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa vitano vilivyobaki, akanihurumia.

"Ingine nimegawana na benzangu ba pale barabarani," akasema. "Karatasi yake iko muzuri, haikunywake mafuta. Lakini juu ya nini balichafua pembeni na kreyo?"

Nikavifungua palepale, nimepiga magoti kwenye maganda. Papa Mutombo na pua yake nilimpata. Cha kijani, kile cha baba, hakikuwamo. Jalada lake nililiona baadaye, chini ya Mama Anto, halina kitu ndani.

Davi nilimsimulia. Alilia, maskini, na mimi nikamwambia aache, kwao wamezoea kusema pole, basi aseme pole yaishe. Kabla hajaondoka alikaa siku nne nzima, safari hii akifungua vitabu, akipiga picha kila pembe yenye penseli katika vile vitano. Akaniuliza kila neno, na hakucheka. Vile vitano viko kabatini sasa, rafu ya juu.

Nami nikachukua penseli nikaandika maneno ya baba upya, pembeni mwa kimoja kati ya hivyo. Lakini mkono ni wa bibi kizee, na kidole cha baba hakikugusa hapo.

Enzi zetu karanga zilifungwa kwa karatasi za daftari za shule. Tulikula, tukatupa karatasi, hatukujua ina nini. Vijana wa leo wanakula, wanatupa, wanapiga picha walipotupa. Mimi siku hizi ninanunua karanga kila siku, kwa kila mama anayeuza kuanzia Panda mpaka stesheni. Majirani wanasema Mama Ntumba amezidi kupenda karanga. Bongo. Meno niliyobaki nayo hayawezi hata kuzitafuna, ninawamiminia wajukuu mikononi. Ninachotaka ni karatasi. Ninainyoosha gotini polepole, nafuta chumvi, natafuta herufi kubwa za darasa la nne, na kabla sijaigeuza upande wa pili nauliza kwa sauti ndogo, wajukuu wasinisikie:

"Njo weye, Papa?"