Unga wa Mama Noémie na Ubao wa Bei

Waliolikuta soko la Kamina likiwa na mizani na maduka ya vioo wanadhani lilikuwa hivyo tangu mwanzo. Hawajui walichokosa, na mimi siwalaumu. Miaka ile ya thelathini, ukitoka kambi ya reli siku ya soko, ulilisikia soko kabla hujaliona, maana lilikuwa likibishana. Huyu anataja bei, yule anacheka, anageuka kama anakwenda zake, anaitwa, anarudi, anauliza kwanza habari za watoto. Bei ilipatikana humo humo ndani ya maongezi, na kila mtu akaenda kwake anaamini amemweza mwenzake. Raha gani ile.

Noémie Kisimba aliuza unga wa muhogo, upande wa wanawake waliotoka Kabondo-Dianda. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono midogo na ulimi mrefu. Mumewe Émile alikuwa akiunganisha mabehewa pale stesheni mpaka kichomi kilipomwondoa. Nyumba ya kambini ikapewa mfanyakazi mwingine. Serikali, ambayo sisi tuliiita Bula Matari, ilikuwa na neno moja tu kwa mjane asiye na kazi: arudi kijijini kwao. Mji ulikuwa wa wenye karatasi. Noémie akaomba kibali cha kuuza sokoni, akakipata, akakiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Émile amelala ng'ambo ya reli, na kila Jumapili baada ya misa Noémie alikwenda kupalilia kaburi lake na kumweleza habari za juma zima. Kibali kile kikipotea, Kamina imepotea, na kaburi nalo litaota majani.

Sasa, unga ulipimwa kwa kopo la maziwa, na juu ya kopo iliongezwa matabishi, yaani ile konzi ya unga ambayo muuzaji anampa mteja bila kulipwa. Hakuna aliyeipangia kiasi. Mvua ikiwa nzuri na magunia mengi, konzi ilifurika. Wakati wa njaa ilikuwa vumbi tu la vidole, na mteja alielewa. Mwenye wagonjwa nyumbani alipewa mbili. Mwenye maneno machafu alipewa macho. Noémie alikuwa akisema matabishi ndiyo yaliyomfanya aamke asubuhi, maana hapo ndipo alipokuwa bwana wa unga wake.

Vita vya Wazungu vilipochacha, Bula Matari ikasimamisha ubao sokoni. Juu yake bei ya unga iliandikwa kwa rangi nyeupe, bei ya chini, ili wafanyakazi wa reli wale kwa bei nafuu. Nia ilikuwa nzuri, nani atakataa? Lakini aliyeiandika hakuwahi kutwanga muhogo. Watu wa vijijini walipoisikia bei ile, wakabaki na unga wao, na wachache walioleta walimtaka Noémie awalipe zaidi ya bei aliyoruhusiwa kuuzia.

Mwanamke akafikiri. Bei ya ubao akaifuata bila kuongeza hata senti. Ila matabishi akayageuza: badala ya yeye kumwongezea mteja, mteja akamwongezea yeye. Huyu kipande cha sabuni, yule yai, mwingine chumvi kidogo kwenye jani. Hakumlazimisha mtu. Asiyekuwa na kitu alipewa kopo lake akaenda, na Noémie akamwambia, "Siku ingine utaniwaza." Kwa sabuni na chumvi zile alipata unga vijijini, na upande wake wa soko haukukosa unga wakati pande nyingine zilikuwa na vumbi. Hata Gaston, karani wa soko aliyekuwa akiwasomea watu ubao, alimtuma mke wake na sabuni.

Ndipo akaja Mzungu mmoja kijana wa kukagua masoko, na Gaston nyuma yake amebeba daftari. Akapima kopo, sawa. Akauliza wateja bei, sawa. Kisha akaona sinia lenye mayai na sabuni.

"Hii ni nini?" akauliza.

Hapa ndipo Noémie alipokosea. Angesema ni vyakula vyake vya nyumbani, mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kueleweka, na alijiona hana kosa, basi akaeleza. Akaeleza vizuri, tena kwa fahari, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake.

"Iyi haiko bei, bwana. Iko matabishi. Tangu zamani tunapanaka. Unga ikiwa mingi, miye napana. Unga ikiwa kidogo, muntu ananipa. Bei ni ya bantu babili, yeye na miye. Ubao haijui kama mutoto wake iko mugonjwa."

Kijana yule alisikiliza kwa makini. Wala hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimwambia Gaston aandike: kama matabishi ni desturi ya watu, basi desturi ilindwe. Juma lililofuata ubao ukaongezwa mstari. Kila muuzaji atatoa konzi moja ya unga kwa kila kopo, na ni marufuku kupokea chochote.

Konzi ya nani? Ubao haukusema. Wateja wakasema ni yao. Banza, fundi wa boila mwenye viganja kama sepeto, hakupumzika siku hiyo. Kila jirani alimwomba amsindikize mkewe sokoni. Alipozamisha mkono wake gunia likanywea. Watu walicheka, na Noémie alicheka nao mpaka machozi, na alipofika nyumbani akayafuta machozi yaliyokuwa ya aina nyingine. Siku mbili za soko zikatosha. Unga ukaisha, na hakuna kijiji kilicholeta mwingine.

Siku ya tatu alikwenda, akatandika kitambaa chake, akakaa. Hakikuwa na kitu juu. Wanawake wengine wakamwiga, safu nzima ya vitambaa vitupu chini ya ubao uliotaja bei ya unga usiokuwepo. Sijawahi kuliona soko limenyamaza namna ile. Gaston akaja akachuchumaa.

"Mama Noémie, kwa nini unaikala bule?"

"Niko nangojea unga, Gaston. Weye njo unasomaka ubao. Uiambie ituletee."

Wakakaa hivyo majuma matatu. Wafanyakazi wa karakana walianza kwenda kazini bila bukari, yaani ugali, tumboni, na mtu wa reli asipokula bukari, vyuma haviinuki. Wakubwa wakasemezana huko juu. Asubuhi moja ubao haukuwepo, yalibaki mashimo mawili tu ardhini. Bei ikapanda juma la kwanza, watu wakalia. Juma la pili magunia yakaanza kuingia kutoka kila upande. Kufikia la nne bei ilikuwa imeshuka yenyewe, na soko likaanza tena kubishana.

Noémie hakulisikia. Katika majuma yale matatu kijana yule wa ukaguzi alikuwa amemwandika: kibali ni cha kuuza, si cha kukaa, na huyu hauzi. Karatasi ilikuwa imekwenda ofisi ya mbali, na ilirudi na mhuri wa kumfutia kibali baada ya ubao kuondolewa. Gaston ndiye aliyemsomea. Alisoma polepole, akaruka neno, akarudia.

"Lakini ubao haiko tena," Noémie akasema.

"Haiko, mama. Karatasi njo iko."

Jumapili ya mwisho alipalilia kaburi, akang'oa mpaka mizizi, ili majani yachelewe kurudi. Kisha akajitwika godoro lake akaenda Kabondo-Dianda.

Huko alilima muhogo na kununua wa majirani, na hakuna aliyempangia bei. Miaka ya hamsini, Kamina ilipojaa watu wa ule uwanja mkubwa wa ndege za kijeshi, unga wake ulitafutwa sana. Magunia yalisukumwa kwa baiskeli mpaka barabarani, yakapakiwa kwenye lori, yakaingia Kamina kila juma bila kuulizwa na mtu yanakwenda kukaa kwa nani. Yeye, ili aende kuliona kaburi la mumewe, alitakiwa kuwa na barua ya ruhusa kutoka ofisi. Aliiomba mara nne, mara zote akanyimwa. Baada ya hapo kila alipokuwa akishona mdomo wa gunia, alikuwa akimwambia Émile habari za juma zima.