Milimita na Ada ya Kozi

Binti yangu wa mwisho tunamwita Milimita. Jina alipewa na kaka zake, kwa kuwa hata mkate akiukata, vipande vinatoka kama vilivyopimwa. Yaliyompata yamesimuliwa na wengi, kila mtu na chumvi yake. Mimi naandika yalivyokuwa.

Alipomaliza shule aliajiriwa kwenye duka la miwani. Alianza kwa kufuta vioo na kupokea wateja, kisha akahamishiwa chumba cha nyuma, kwenye mashine ya kusaga lenzi ili zikae sawasawa katika fremu. Mwenye duka, ambaye mafundi humwita Bosi Mkubwa ingawa ni mfupi kuliko wote, aliupenda mkono wake mtulivu. Akamlipia kozi ya mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja: akimaliza afanye kazi pale miaka mitatu, la sivyo arudishe ada. Alihitajika mdhamini, nikawa mimi. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu mkuu, na nyumba yetu haijawahi kugongewa mlango na mdai. Nilitia sahihi hata bila kuketi.

Kozi Milimita aliimaliza, lakini kati ya ile miaka mitatu hakutimiza hata mmoja. Kliniki ya macho iliyo ng'ambo ya barabara ilimwahidi mshahara mnono, akahama Bosi Mkubwa akiwa safarini. Hakuaga. Habari nilizipata sokoni, kwa muuza vitambaa.

"Mama Mwalimu, kumbe mwanao kavuka barabara? Basi na ada ya watu imevuka naye."

Wanawake wakacheka. Nilijifanya nachagua nyanya.

Jioni nilimkalisha Milimita jikoni.

"Nitalipa, mama. Kidogo kidogo."

"Bosi Mkubwa umemwambia?"

Aliinamisha kichwa. "Naona haya. Asubuhi nazunguka nyuma ya posta asinione."

Mtu mzima, ana ujuzi wake, anajificha kama mwizi wa kuku. Sikulala vizuri. Kulipokucha nilichukua akiba yangu, nikavaa nguo zangu za heshima, nikaenda dukani. Nilitaka yaishe kimyakimya kabla hayajafika kwa shemeji zangu.

Bosi Mkubwa alinipa kiti na chai. Pesa hakuzigusa.

"Mama, kozi hukusoma wewe. Aje yeye."

"Atakuja, baba. Ila nakuomba, lisitoke humu ndani."

"Litatokaje tena, mama, na limeshatoka? Kliniki ile pale, hata nikipiga chafya wanasikia."

Uso uliniwaka. Nilirudisha bahasha kwenye mkoba nikaondoka na chai nimeiacha nusu.

Milimita alikwenda siku iliyofuata. Alirudi macho mekundu, lakini wamekubaliana: atatoa sehemu ya mshahara kila mwezi, na Jumamosi mchana atamfundisha msichana aliyeshika nafasi yake, maana tangu aondoke lenzi zilikuwa zinavunjwa ovyo.

"Basi uwe unapita mlango wa nyuma," nilimwambia, "ule wa kuingizia mizigo. Kuna haja gani watu wakuone?"

Aliinuka akaanza kuosha vyombo.

Jumamosi ya kwanza nilimsindikiza. Tulipofika, nilimshika mkono kumwelekeza uchochoroni. Akauondoa taratibu, akasukuma mlango wa mbele. Benchi la wateja lilikuwa limejaa. Dereva mmoja wa lori, ambaye miwani yake ilitengenezwa na Milimita, alimchangamkia.

"Ahaa, fundi wangu. Umerudi?"

"Sijarudi, kaka. Nilikimbia na ada ya kozi waliyonilipia hapa. Nakuja kuilipa."

Dereva alivuta miguu ampishe. Wengine walimtazama Milimita, kisha wakageuka kunitazama mimi niliyesimama mlangoni. Wawili kati yao walisomeshwa na mume wangu.

"Shikamoo, mama," mmoja alisema.

"Marahaba," nilijibu, na sauti ikatoka ndogo. Nilitamani kuondoka, lakini ningeonekana namkana mwanangu. Nikaingia, nikaomba nafasi kwenye benchi, nikaketi nao kumsubiri.