Kiti cha Mbele

Ati hakuna kitu kinachoweza kuipita nuru mbio! Mwalimu yule aliyasema hayo ndani ya gari nililoendesha mimi, tukitoka kanisani Mesaimeer, na mpaka leo sijamsamehe.

Doha, Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Treni ya metro haikuwepo bado. Bosi wangu aliniachia gari kila Ijumaa, nami nilimpitia nesi mmoja wa kutoka kwetu Kenya. Kiti cha mbele kilikuwa chake. Nilikifuta vumbi kila wiki, na nilikuwa nimeshakata shauri kumwomba tuoane. Yeye aliniita kaka. Nilivumilia.

Siku hiyo aliniomba tumpe lifti mwalimu wa fizikia, mgeni katika kwaya. Shati limenyooka, Kiswahili cha redioni. Akaketi nyuma. Nikakanyaga mafuta ili ajue usukani ni wa nani.

"Dereva," akasema, "hata ukanyage vipi, nuru huipati."

"Na nikiwasha taa huku nakimbia? Mwanga si utaongezewa mbio za gari?"

"Wapi! Wewe na aliyesimama kando ya barabara mtaupima mwanga huo na kupata kasi ile ile. Kitakachotofautiana ni saa zenu na urefu wa vitu mnavyopima."

Akaendelea, hakuna aliyemwomba. Kadiri unavyoikaribia kasi ya nuru, kila tone la mafuta linakuongezea mwendo kidogo kuliko tone lililotangulia. Gesi yote ya Qatar ingeisha na bado hujaifikia.

Nesi akageuka mzima mzima, kisogo kwangu. "Na mtu akiipita je, mwalimu?"

"Ujumbe ukienda mbio kuliko nuru, kuna mtu anayesafiri kwa mwendo tofauti ambaye angeona jibu likifika kabla swali halijaulizwa. Mambo yangevurugika. Haiwezekani."

"Jamani!" Akacheka, mkono kifuani. Kicheko kile mimi sikuwahi kukipata, pamoja na vichekesho vyangu vyote. Nilimwonea wivu yule bwana, tena wivu wa kuchoma. Nilitamani ashukie pale pale juani, na shati lake.

"Hayo ni ya vitabuni," nikasema. Nesi akamwuliza mwalimu swali jingine.

Wiki nzima nilijifunza maneno yangu mbele ya kioo. Tumejuana siku nyingi, ungesemaje tukianza maisha pamoja? Ijumaa nikafika mapema, kiti nimekifuta, hata manukato nimepuliza. Nikamkuta nesi langoni pake pamoja na mwalimu. Nikainama, nikamfungulia mlango wa mbele kutoka ndani.

Akaufunga taratibu. "Asante, kaka," akasema, akaenda kuketi nyuma na mwalimu.

Nikawasha gari. Swali langu lilikuwa bado mdomoni, na jibu nimeshapewa. Na mwalimu huyo huyo ndiye aliyeniambia haiwezekani.