Mkono wa Kushoto

Juzi sokoni Vwawa mama mmoja aliniuzia kuku, akanikabidhi kwa mikono miwili kama tulivyolelewa. Harufu ya manyoya yenye pumba na vumbi iliponiingia puani, mkono wangu wa kushoto ukakimbilia mgongoni wenyewe. Nikacheka peke yangu.

Nilikuwa darasa la pili, kule milimani Ileje. Shule ya Jumapili walitufundisha kwamba ukitoa sadaka, mkono wako wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Basi Jumapili ya mavuno nikampeleka mtetea wangu wa kwanza, niliyemlea tangu kifaranga, nikimpenda kuliko gauni langu la Krismasi. Hata miguu sikumfunga, nilimwonea huruma. Nilipofika mbele ya mchungaji, nikaficha mkono wa kushoto mgongoni na kumtoa kwa mkono mmoja.

"Mikono miwili, wewe mtoto!" Bibi alininong'oneza kutoka benchi la mbele. "Adabu umeiacha wapi?"

"Wa kushoto hautakiwi kujua, Bibi!" nikajibu kwa sauti.

Kuku naye hakungoja tuelewane. Alipiga mabawa, akaruka juu ya mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi, akatua mimbarini. Wanakwaya wakakatiza wimbo, wakaanza kumkimbiza.

Bibi alinishika ule mkono niliouficha, huku akifuta machozi ya kicheko.

"Huu kweli haujajua kitu," akasema. "Ila kanisa zima limejua."