Bastola Juu ya Kanzu

Mume wangu alivaa bastola juu ya kanzu. Nikisimulia hapa, watu hunikatiza: juu, au ndani? Juu, jamani! Kanzu nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe, koti, baraghashia ya kushonwa kwa mkono, halafu katikati hapo mkanda wa ngozi na bastola inaning'inia. Na siku yenyewe ndiyo ilikuwa siku ya wageni wa posa ya binti yetu.

Tunakaa Chanika, huku ambako mashamba ya mihogo yanageuka viwanja kila kukicha. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, misumari. Mwaka mmoja kabla ya posa hiyo, vibaka wenye mapanga walimvamia dukani mchana kweupe, wakabeba walichobeba, wakaondoka. Hakukatwa, alhamdulillahi. Alirudi nyumbani akasema tu, "Wameiba," akaenda kuoga. Nikamuuliza ilikuwaje, akanijia juu: si nimekwambia wameiba?

Wiki iliyofuata akaanza kufuatilia maombi ya kumiliki silaha. Alizunguka serikali ya mtaa, kata, wilaya, polisi, mpaka majirani wakaulizwa kama ni mlevi au mtu wa hasira. Wakasema ni mtu mwema, na hawakusema uongo. Askari aliyemkabidhi kitabu cha leseni alimwambia silaha si kitu cha kuwaringia watu. Hilo liliingia sikio hili likatokea lile.

"Mwizi lazima aione," ndiyo ilikuwa hoja yake. "Akiiona, atapita zake. Nikiificha, ataniingilia, halafu itabidi nimpige. Mie sitaki kumpiga mtu."

Sasa hoja kama hiyo utaijibu vipi? Si ya kijinga. Benchi la pale dukani likawa bunge. Fundi mmoja wa kupaua alimuunga mkono moja kwa moja: mbwa mkali hafungiwi ndani, anafungwa getini aonekane. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, akasema hapana, ukimwonyesha mwizi bastola umemwonyesha cha kuiba, atakwenda kuita wenzake wanne waifuate hiyo hiyo. Ila ikifichwa, alisema, mwizi hajui nani anayo na nani hana, kwa hiyo anatuogopa wote, hata mie mwenye fimbo. Walibishana mpaka chai ikapoa, na kesho yake wakaanza upya.

Mie nilikuwa upande wa mwalimu. Nikamsumbua mume wangu wee, mpaka akakubali kuificha. Aliivaa ndani ya shati wiki nzima, na wiki hiyo ndiyo nilijuta. Tulikwenda kwenye maulidi, watu wote wanaangalia shati lake. Akiinua mkono ajikune, watu wanashtuka. Mama muuza chapati akamuuliza mbele za watu, "Leo umekuja nayo au umeiacha?" Hata mie mkewe nikawa nikimpita chumbani najibana ukutani. Ikiwa nje, najua iko wapi. Ikifichwa, naiona kila mahali. Basi akairudisha nje ya nguo, na mie kesi nikawa nimeshindwa, maana sikuwa na upande tena. Nilichokijua ni kimoja: wateja walikuwa wanasimama barabarani na kuagizia misumari kwa sauti, hawaingii ndani kama zamani.

Binti yetu ni muuguzi. Alikuwa amefika miaka thelathini na moja, na mashangazi zake walishaanza kuniuliza kwa macho. Kijana aliyempenda anafanya kazi za kutoa mizigo bandarini, kule Kurasini, kijana mtulivu mwenye adabu zake. Kwao ni Wanyamwezi wa Tabora waliohamia Temeke. Jumamosi hiyo wakaja: mshenga, ambaye ni mjomba wa kijana na mstaafu wa reli, wanaume watatu, na shangazi mmoja mnene mwenye sauti. Mume wangu akawapokea mlangoni na ile kanzu na ile bastola.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemwambia aiache, akanijibu kwamba anataka wakwe wajue mtoto wao anaoa kwenye nyumba yenye ulinzi. Wallahi, kwa akili yake ile ilikuwa heshima!

Wageni wakaketi. Wakanywa soda. Wakasifia mvua, wakalalamikia barabara. Barua ya posa niliiona kabisa, imefungwa kwenye leso, inachungulia mfukoni mwa koti la mshenga. Haikutoka. Baada ya nusu saa mshenga akasimama akasema, "Haya mzee, sie tulikuwa tunapita tu, tukasema tuwasalimie." Kupita! Nani anapita Chanika akitokea Temeke, magari mawili, shangazi kavaa kitenge kipya?

Binti yangu alikuwa chumbani anasubiri kuitwa. Alisikia magari yanawashwa. Nilipoingia nilimkuta bado ameketi wima, ushungi kichwani, hina hajaipaka mikono yote. Hakulia mbele yangu. Jioni kijana akamtumia ujumbe: wazee wamesema hawaoi kwenye nyumba ya mtutu, na mjomba akikataa ukoo mzima umekataa. Ndipo akaniambia, "Mama, mie sitaolewa na mwingine. Baba achague." Lakini kumwambia baba yake alikataa katakata.

Nilimwambia mimi. Akasema, "Waoga hao. Afadhali tumewajua mapema." Nilikasirika siku tatu, chakula namtengea naondoka. Siku ya nne nikachukua simu nikampigia mshenga.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama," akajibu, baridi kabisa.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Nilikuwa hata na maneno. Lakini ile baridi yake ikanipandisha mori, nikajikuta nasema, "Mzee, nataka kuuliza kitu kimoja tu. Sie ni Wazaramo wa hapa hapa Pwani. Nyie ni Wanyamwezi. Tangu lini Mnyamwezi akamkimbia Mzaramo?"

Nikasema moyoni nimeharibu, mwanangu nimemzika. Halafu nikasikia mzee anacheka, anacheka mpaka anakohoa. Maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kutoka bara kuja pwani. Mtani ana ruhusa ya kukusema mpaka msibani, tena mbele ya maiti wako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeshindwa. Yeye siku ile alikuja kama mgeni, akatishwa kama mgeni, akasahau kwamba ni mtani.

Akaniuliza kisa cha ile bastola, nikamsimulia na hoja zote za benchi la dukani. "Mama," akasema, "niachie mtani wangu. Jumamosi tunarudi."

Jumamosi ikafika. Mume wangu nikamwambia wageni wanarudi, nikamwomba kwa mara ya mwisho aivue. "Kwangu sivui kitu," akasema. Kanzu ile ile, mkanda ule ule.

Hodi ikapigwa. Mshenga akaingia wa kwanza, uso mkavu kama hakimu, na kiunoni amejifunga mchi wa kinu kwa kamba ya katani. Mchi, nasema! Umemfika chini ya goti, akitembea unamgonga. Nyuma yake mwenzake ana pampu ya baiskeli. Wa tatu mwiko wa ugali. Wa nne gunzi la mahindi, limechomekwa kwenye mkanda kwa ustadi kweli. Wakasalimia kwa adabu zote, wakaketi. Mchi ukagoma kukunjika, ukaisukuma meza, soda ikamwagika. Hakuna aliyecheka. Mie nilikimbilia jikoni nikajiziba mdomo kwa khanga, nikarudi.

Mume wangu aliwatazama mmoja mmoja. Mwisho akauliza, "Mzee, hicho kiunoni ni nini?"

"Hiki? Ulinzi," akasema mshenga. "Mjini pabaya. Tena mie sifichi, mtani. Mwizi lazima aione."

"Unakosea, kaka," shangazi akadakia. Akaingiza mkono ndani ya kitenge chake, akatoa upawa mkubwa wa mchuzi. "Silaha ni ya kuficha. Mie nimetoka nao Temeke mpaka hapa, kuna aliyejua?"

"Sasa ukifichwa unasaidia nini? Mpaka uutoe huko, si umeshakufa?"

"Na huo wako si wanakunyang'anya wanakutwanga nao?"

Wakabishana, jamani! Maneno yale yale ya benchi letu la dukani, ila kwa mchi na upawa. Mie nilikuwa namwangalia mume wangu tu. Shingo ilikuwa imemsimama. Moyo wangu ukasema, hapa akinuna tumekwisha, mtoto ndiyo basi tena. Nyuma ya pazia la mlango wa chumbani niliona miguu ya binti yangu.

Kwanza mabega ya mume wangu yakatikisika. Halafu kicheko kikamtoka, kikubwa, cha zamani, ambacho nyumba yangu haikukisikia mwaka mzima. Akacheka mpaka machozi. Lakini machozi hayakukoma kicheko kilipokoma. Akajifuta na mkono wa kanzu, akasema akiangalia sakafu:

"Walinipigisha magoti. Siku ile dukani. Mbele ya wateja, mbele ya fundi wangu, mbele ya mwanamke aliyekuja kununua rangi. Tangu siku hiyo kila anayeingia kwangu naona kama ameniona pale chini."

Mie sikulijua hilo. Mwaka mzima nalala naye kitanda kimoja, nabishana naye iwe nje au iwe ndani, na hilo sikulijua. Nilitaka kumwendea nikamkumbatia mbele za wageni, adabu ikanizuia, na mpaka leo najilaumu.

Mshenga akafungua kamba, akaulaza mchi sakafuni. "Mtani," akasema, "utani umeishia hapa. Pole sana." Akaitoa mfukoni ile leso yenye barua. "Lakini sie tumekuja kuomba mtoto. Nyumbani kwako leo anayepiga magoti ni muombaji." Shangazi akashuka mkekani wa kwanza, na wanaume wakafuata, yule mzee akishika kona ya meza kwa sababu ya magoti yake mabovu.

"Inukeni, inukeni bwana," mume wangu akawa anasema. Akanyanyuka akaenda chumbani. Nikasikia kabati la chuma linafunguliwa, linafungwa, ufunguo unazungushwa. Bado anayo, sitawadanganya. Akifunga duka jioni huivaa ndani ya shati mpaka nyumbani, ikifika inaingia kabatini. Mwalimu anasema ameshinda mjadala, fundi anasema bado. Wateja siku hizi wanaingia mpaka kaunta, wanashika misumari, wanabishana bei.

Jumamosi ile alirudi sebuleni na kanzu tupu, akamwita binti yake. Kwetu baba hapokei barua kabla ya kumuuliza mtoto.

"Mwanangu, wageni hawa unawajua?"

Binti yangu aliinua macho, lakini si kwa wageni. Alitazama kwanza kiuno cha baba yake, pale ambapo mkanda ulikuwa umeacha makunyanzi kwenye kanzu. Alitazama kwa muda, mpaka mshenga akaanza kuhangaika mkekani. Ndipo akawageukia.

"Nawajua, baba. Naomba uwapokee."

Mume wangu akainama, akaichukua ile barua mkononi mwa mshenga kwa mikono miwili, na shangazi akapiga kigelegele kabla leso haijafunguliwa.